Nimemwandikia mheshimiwa barua pepe tatu, kimya. Nakosea wapi?

Mwalimu_Katuba, 25 Agosti

Jambo yenu wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Katuba, komini (manispaa) ya Lubumbashi, Kongo. Mwezi wa sita kampuni moja ilikuja kwenye avenyu yetu kupitisha nyaya zake chini ya ardhi. Walichimba, wakavunja kanivo (mfereji wa maji ya mvula) ya upande mmoja, wakafukia juu juu kwa udongo mwekundu, wakaenda zao. Kwa sasa ni kiangazi, watoto wanaruka lile shimo kama mchezo. Lakini mvula ya mwezi wa kumi na moja ikianguka, sote tunajua maji yatapita wapi. Mwaka juzi kanivo ilikuwa nzima na bado jirani yangu aliamka viatu vinaelea.

Basi nikamwandikia mbunge. Barua ya kwanza ilikuwa kurasa mbili na nusu, nilieleza kartiye, mtaa wetu, tangu marehemu baba alipojenga. Ya pili ilikuwa fupi, nikamkumbusha kwamba kura tulimpa sisi na tunaweza kumnyima. Ya tatu niliituma kwa wabunge wote niliopata anwani zao, watu kumi na saba, na picha kumi na nne. Hakuna aliyejibu. Mke wangu ananiuliza kila jioni kama upepo umerudisha salamu.

Kuna mtu humu aliyewahi kuandika akajibiwa? Aliandikaje? Na ni bora Kifaransa au Kiswahili?


Motari_Ruashi, 25 Agosti

Pole mwalimu. Wetu mimi nimemwona mara mbili, kwenye bango na kwenye matanga. Hela ya mega za intaneti uliyotumia kutuma picha kumi na nne ungenunua nusu mfuko wa simenti.


Mama_Karani, 26 Agosti

Mwanangu mwalimu, usimsikilize huyo wa pikipiki, ingawa la matanga kasema kweli.

Mimi nilikaa miaka sita mlangoni kwa mbunge mmoja wa jimbo (provinsi), hapa hapa Lubumbashi. Jina lake tuliache. Kazi yangu ilikuwa kufungua barua, kusoma barua pepe, kupokea wageni, na kusema "mheshimiwa yuko kwenye mkutano" hata kama yuko chumba cha ndani anakula bukari (ugali). Kwa hiyo nikuambie jambo ambalo ninyi mnaoandika hamlijui. Barua yako haisomwi na mbunge. Inasomwa na mtu kama mimi, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, saa tano asubuhi, na kwenye benchi kuna watu tisa wanamtazama. Huyo ndiye unayemwandikia. Ukimpa kitu anachoweza kuingia nacho ndani na kukisema kwa pumzi moja, ataingia nacho. Ukimpa historia ya marehemu baba yako, atasema nitaisoma jioni. Jioni anakimbilia basi kama wewe.

Nilikuwa na mafungu matatu. La kwanza, kubwa kuliko yote, ni barua za kuomba msaada: minerval (karo) ya mtoto, hospitali, jeneza. Sizicheki, shida ni shida, lakini ni nyingi mpaka mbunge anaogopa kufungua simu yake mwenyewe. La pili ni matusi na pongezi. Niliviweka pamoja kwa sababu vyote viwili havina cha kufanya. Barua yako ya kura ingeingia humo, na ile ya kurasa mbili na nusu, samahani, ningeidhania ya msaada na kuisukuma fungu la kwanza kabla sijafika kwenye kanivo. Fungu la tatu ndilo la kuingia nalo ndani. Kuna wiki halikuwa na karatasi hata moja.

Ngoja nikupe mfano wa iliyoingia. Mama mmoja muuza samaki aliandika mistari minane, kwa mkono, mtoto wake akaipiga picha na kuituma. Alisema: sokoni kwetu tunatozwa tiketi mbili kwa siku, ya kwanza tunaijua, ya pili hatujui ni ya nani. Akaweka tiketi zote mbili za siku moja. Halafu akamaliza: "Naomba umwulize waziri wa fedha wa jimbo, tiketi ya pili ni ya nani?" Basi. Hakulia, hakusifu. Nilimsomea mheshimiwa akiwa anavaa koti, akacheka, akasema hilo swali nipe vile vile lilivyo. Alilisoma vile vile. Tiketi ya pili ilitoweka sokoni kabla waziri hajajibu.

Umeona alichofanya? Hakumwomba mbunge atatue. Alimpa swali likiwa limeiva. Ninyi mnaomba "uangalie hali yetu". Ataiangaliaje? Mbunge hana koleo, hana simenti, hana mafundi. Ana mdomo, na ana haki ya kuuliza watu ambao wewe mlinzi wao hatakuruhusu uvuke geti.

Sasa mambo madogo madogo, yanayoua barua nzuri.

Mstari wa kwanza. Shuleni tulifundishwa kuanza na "J'ai l'insigne honneur de venir auprès de votre haute personnalité", yaani nina heshima kubwa mno kuja mbele ya utukufu wako, na wewe huenda unawafundisha hivyo watoto wetu, Mungu akusamehe. Kwenye simu, kabla sijafungua, ninaona kichwa cha barua na maneno machache ya mwanzo. Zikija ishirini zote zina "insigne honneur", nitajuaje ipi ni ya kanivo? Heshima moja inatosha: "Mheshimiwa," halafu ombi. Kwenye sehemu ya Objet, yaani hicho kichwa, usiandike "Kilio cha wakaazi". Andika mahali na kitu.

Anwani kumi na saba. Nikiona kumi na saba najua kuna kumi na sita wa kujibu. Mwandikie mmoja. Wengine watakaohitaji kujua wataje chini, kama desturi yetu ilivyo, "kopi kwa taarifa", na wasizidi watatu.

Picha kumi na nne. Simu ya mheshimiwa ilikuwa ya bei kali lakini mega zilikuwa zangu. Tuma mbili.

Jina. "Wakaazi wenye hasira" hana namba ya simu. Weka jina lako, parseli (kiwanja) yako, namba inayopokelewa. Niliwahi kukaa na barua nzuri wiki nzima, mheshimiwa anaitaka, sina pa kumpigia aliyeiandika.

Kuhusu lugha: andika kwa lugha ambayo hutasema uongo ndani yake. Kiswahili tunasoma, sisi si wageni hapa. Lakini swali lenyewe, yale maneno mawili matatu unayotaka yafike ndani, yaweke pia kwa Kifaransa chini, kwa sababu karani atayakopi. Mpunguzie kazi.

Na jambo la mwisho, ambalo vijana wa simu mnalidharau. Barua pepe ikishatumwa, ichape. Kopi mbili. Nenda nazo biro, ofisini kwake, waachie moja, ya pili wakupigie kashe (muhuri) na tarehe. Anwani nyingi za barua pepe za wakubwa zilifunguliwa wakati wa kampeni na mpwa wao, nywila anayo mpwa, na mpwa yuko Kolwezi anatafuta maisha. Karatasi yenye kashe haipotezwi na mpwa.

Ni mbunge yupi uliyemwandikia? Wa taifa au wa jimbo?


Mwalimu_Katuba, 26 Agosti

Mama, asante sana. Nimecheka peke yangu barazani, hasa hapo kwa mpwa. Ya kwanza na ya pili nilimwandikia wa taifa. Nilifikiri huyo ndiye mkubwa zaidi.


Sheria_Kamalondo, 26 Agosti

Jambo mama, jambo mwalimu. Niko UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, sheria, mwaka wa mwisho. Niongeze kidogo hapo kwa "mkubwa zaidi".

Mbunge wa taifa si bosi wa mbunge wa jimbo. Wa taifa ni mmoja kati ya 500, anakaa Kinshasa, anasimamia serikali ya taifa. Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2006 kinampa silaha zake: swali la mdomo, swali la maandishi, swali la jambo la siku, interpelasio (kumwita waziri ajieleze), kamisheni ya uchunguzi, na kusikiliza watu kwenye kamisheni. Wa jimbo anakaa kwenye Bunge la Haut-Katanga, hapa mjini, tangu Katanga igawanywe vipande vinne mwaka 2015. Kifungu cha 197 kinasema bunge la jimbo linasimamia serikali ya jimbo na huduma za umma za jimbo na za mitaa. Shimo la avenyu moja ya Katuba ni la huyo. Tena tangu uchaguzi wa Desemba 2023 komini zetu zina washauri waliochaguliwa. Mshauri wa komini anaweza kuja kwa miguu kuona, mpe kopi.

Halafu kifungu cha 27. Kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka petisheni kwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Watu hawakijui hicho kifungu kabisa.

Lakini piga hesabu. Ukipeleka tarehe 1 Septemba, miezi mitatu inaisha tarehe 1 Desemba, na wewe sebuleni umekwisha kuogelea. Kwa hiyo petisheni ipeleke kwa wizara ya jimbo inayohusika ili saa ianze kuhesabu, na wakati huo huo mbunge aulize. Kimoja kisisubiri kingine.

Tahadhari moja. Usiandike kwamba waziri au meya "amekula" hela ya kampuni kama huna ushahidi. Sheria yetu ya jinai ina kosa la "imputations dommageables", yaani tuhuma za kumharibia mtu jina, na ulinzi wa kifungu cha 27 ni kwa kuomba, si kwa kumtuhumu mtu jina lake. Kuuliza "nani alitoa ruhusa?" si tuhuma.


Mama_Karani, 26 Agosti

Huyu mtoto kasema vizuri. Niongeze kuhusu wa taifa, usimtupe moja kwa moja. Vikao vyao vya kawaida ni 15 Machi hadi 15 Juni, halafu 15 Septemba hadi 15 Desemba. Katikati wako likizo, wengi wanarudi kwa wapiga kura wao, na wanatakiwa kuandika ripoti ya likizo hiyo. Ripoti inahitaji vitu vya kuandikwa ndani. Kwa hiyo wiki hizi ni nzuri, karani wao anatafuta mambo yenye namba na mahali. Baada ya tarehe 15 wanaruka Kinshasa kwenye bajeti ya taifa, na kanivo yako haitasikika huko. Mwekee kopi. Barua kuu iende kwa wa jimbo.


Yaya_Soko, 27 Agosti

Mimi siamini mambo ya kuandika peke yako. Kusanyeni sahihi mia mbili, mwende wote. Mtu mmoja ni kelele, watu mia mbili ni kura.


Mama_Karani, 27 Agosti

Yaya, kwa kelele za nje ni kweli, kwa meza ya karani si sana. Nilipokea sahihi mia tatu zenye mwandiko wa watu wanne. Afadhali watu wanane wa parseli zilizopigwa, kila mmoja na namba yake ya simu, ili nikimpigia wa tano aniambie jambo lile lile. Kwenda pamoja nendeni, lakini baada ya kashe.


Mwalimu_Katuba, 28 Agosti

Nimeandika upya. Leo nilichukua kamba ya shule ya mita 20, nikapima na wanafunzi wawili wakubwa: mara saba, yaani mita 140. Parseli nane, upande wa namba zisizogawanyika kwa mbili, 41 hadi 55. Hii hapa:

"Objet: Kanivo iliyovunjwa Katuba.
Mheshimiwa,
Ni jambo la kusikitisha kuona katika jimbo letu lenye utajiri wa shaba na kobalti raia wanaendelea kuteseka. Mwezi wa Juni kampuni iliyokuwa ikipitisha nyaya ilivunja mita 140 za kanivo kwenye avenyu yetu. Kampuni hiyo haikujenga tena. Mvula inakaribia na parseli nane, namba 41 hadi 55, ziko hatarini. Tunaomba uingilie kati haraka iwezekanavyo ili hali hii ipate ufumbuzi wa kudumu. Tunakutegemea wewe kama mzazi wetu."

Ni mistari michache, nadhani nimefaulu?


Mama_Karani, 28 Agosti

Umefaulu kipimo, hujafaulu ombi. Hiyo kamba ya shule ni dhahabu, hakuna aliyewahi kunipimia kitu. Lakini tazama, mstari wa kwanza ni shaba na kobalti. Hilo kila mtu analijua na hakuna wa kulijibu. "Uingilie kati" aingilie wapi, na nani? "Ufumbuzi wa kudumu" ni maneno ya redio. Na "mzazi wetu" inamrudisha karani kwenye fungu la kwanza, ataanza kutafuta unaomba shilingi ngapi, samahani, franka ngapi (nilisoma Kigoma, ulimi haujasahau).

Fanya hivi:

"Objet: Katuba, mita 140 za kanivo zilizovunjwa. Ombi la swali kwa waziri wa kazi za umma wa jimbo.

Mheshimiwa,
Naomba umwulize kwa maandishi waziri wa jimbo anayehusika na kazi za umma: nani aliyeipa kampuni ruhusa ya kuchimba avenyu yetu mwezi wa Juni? Ruhusa hiyo inasema nani atajenga kanivo upya? Na atajenga lini, kabla ya mvula ya Novemba?

Zilizovunjwa ni mita 140, mbele ya parseli nane, namba 41 hadi 55. Nimepima mwenyewe tarehe 28 Agosti. Picha mbili zimeambatanishwa, moja ya kabla na moja ya leo. Wenye parseli zote nane na namba zao za simu wako chini.

Nitapita biro yako tarehe 2 Septemba kuleta kopi ya karatasi. Naweza kukuonyesha mahali siku yoyote baada ya saa nane, nikitoka shuleni."

Halafu jina, parseli, simu. Swali kwa Kifaransa. Kopi kwa taarifa: mshauri wa komini, mbunge wa taifa. Kwisha. Unaona jina la kampuni sijaliweka juu? Liweke kwenye petisheni ya wizara, huko ndiko watakakotafuta faili. Kwa mbunge, swali likibaki "nani alitoa ruhusa", hakuna wa kumpigia simu mapema amwombe anyamaze.


Motari_Ruashi, 28 Agosti

Mama unaogopesha. Mheshimiwa wako alikuwa anajua yuko na mtu wa namna gani mlangoni?


Mama_Karani, 28 Agosti

Alijua. Ndiyo maana alikuwa anakula ndani.


Mwalimu_Katuba, 3 Septemba

Ripoti. Barua pepe niliituma jioni ya tarehe 29. Jana nilienda na karatasi. Mlinzi alitaka ya kahawa, nikamwambia mimi ni mwalimu, akanionea huruma akafungua. Karani, kijana tu, alipokea kopi zote mbili akaziweka kwenye trei. Nikamwambia moja ni yangu, naomba kashe. Akasema kashe iko kwa mwenzake na mwenzake yuko njiani. Nilikaa kwenye benchi saa mbili na dakika kumi. Tulikuwa watu saba, mama, si tisa. Mwenzake akaja, akapiga kashe, akaandika tarehe kwa mkono kwa sababu namba za kashe zimekwama kwenye mwezi wa tatu.

Wakati anapiga alisoma ule mstari wa juu kwa sauti. "Mita 140, nani alipima?" Nikasema mimi, kwa kamba. Akaandika kitu pembeni kwa penseli.


Mama_Karani, 3 Septemba

Penseli ni nzuri. Ungeona kalamu nyekundu ndiyo ungelia.


Mwalimu_Katuba, 9 Septemba

Mama uko? Yule kijana amenipigia sasa hivi, niko darasani, nimewapa darasa la tano mgawanyo wa desimali nimetoka nje. Hakuuliza kanivo. Ameomba swali peke yake, la Kifaransa, kwa Word, kabla ya saa nane. Ninalo kwenye simu. Nitume tu?


Mama_Karani, 9 Septemba

Tuma sasa hivi. Faili umeiitaje?


Mwalimu_Katuba, 9 Septemba

question.docx


Mama_Karani, 9 Septemba

Badilisha! Anazo question.docx ishirini. Andika Katuba_kanivo_41-55, ndipo utume.